Kusali nyumbani siku za Juma Kuu

Mama wa Newala:
Tumsifu Yesu Kristo. Kigango chetu kiko mbali na parokia, na mvua zimeiharibu barabara kiasi kwamba bibi yetu hataweza kwenda kanisani Alhamisi Kuu wala Ijumaa Kuu. Naomba mnieleze namna ya kusali naye nyumbani, pamoja na watoto.

Katekista, Masasi:
Milele amina, dada. Alhamisi jioni someni Injili ya Yohana sura ya 13, Yesu anapowaosha wanafunzi miguu, kisha mtoto mmoja amwoshe bibi miguu kwa maji ya vuguvugu katika beseni. Watoto, hata walio watundu, hutulia kabisa wakifanya tendo hilo. Ijumaa Kuu hakuna Misa popote, hivyo saa tisa alasiri fuateni Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, bibi akiwa ameketi nanyi mkipiga magoti.

Mzee wa Lindi:
Naongeza neno kuhusu kufunga. Sheria ya Kanisa Katoliki inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, kwa hiyo bibi asilazimishwe, hasa ikiwa anatumia dawa. Tena mwambieni padre mapema, kwa kuwa wagonjwa huweza kupelekewa Komunyo nyumbani hata Ijumaa Kuu, na kwa mzee aliyezoea kusali kanisani maisha yake yote hiyo ni faraja kubwa mno.

Mama wa Newala:
Asanteni sana. Nitamwomba mwenyekiti wa jumuiya amfikishie padre ujumbe kabla ya Jumapili ya Matawi.