Tupeane uzoefu: unafanyaje usipoe kiroho katikati ya wiki?

Mleta mada: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili natoka ibadani moto kabisa, ikifika Jumanne kazi, watoto na simu vimeshanimaliza, sala ya usiku naifanya nusu usingizini. Nyie mnadumu vipi? Semeni ukweli wenu, sio mahubiri.

Mkesha: Alfajiri. Marko 1:35, Yesu mwenyewe aliamka mapema sana akaenda mahali pasipo na watu. Ukigusa simu kabla ya kuomba, siku hiyo imeshaliwa.

Zamu ya usiku: Alfajiri ndo natoka kazini ndugu yangu. Mi ni nesi, kila nikinawa mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa namtaja mbele za Mungu kimoyomoyo. Hapo ndo madhabahu yangu.

Mkesha: Hayo ni mazoea dada, maombi ni magoti. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku.

Zamu ya usiku: Na Nehemia je? Mfalme kamuuliza una haja gani, akamwomba Mungu palepale amesimama ndipo akajibu, soma sura ya 2. Magoti alipiga saa ngapi?

Mjane: Mimi huwa nasoma tu humu ila leo mmenigusa. Mume wangu aliumwa muda mrefu, kanisa zima likafunga, tukakesha, watu wakasema wameona maono kwamba atapona na mimi nikashika hilo neno kwa mikono miwili. Akafariki. Baada ya mazishi dada mmoja wa maombi akanishika bega akaniambia labda imani ilipungua mahali. Toka siku hiyo nikifumba macho niombe sauti haitoki, nasema Baba halafu kimya, naenda kanisani naimba mdomo tu ndani hamna kitu, na siwezi kumwambia mtu maana wote wananiita mama wa imani. Kilichonishika ni Zaburi ya 88, maana yule naye analia mwanzo mpaka mwisho na zaburi yenyewe inaishia gizani, haina ile "lakini nitamsifu" ya mwishoni, na bado imo kwenye Biblia. Nikawa naisoma kwa sauti usiku kama ndiyo sala yangu. Maneno yangu yalirudi taratibu sana, mengine mpaka leo hayajarudi.

Mama wawili: Pole sana mama. Nimelia hapa.

Mkesha: Pole dada, ila tusiache kukemea, roho ya huzuni huwa inajificha humohumo.

Zamu ya usiku: Kaka embu tulia. Eliya aliomba afe chini ya mretemu, malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji akalala tena. Anayefiwa anahitaji chakula na usingizi kwanza.

Katekista: Warumi 8:26, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mama, ile "Baba" halafu kimya ni sala kamili, usikubali mtu akuambie vingine. Hata Mama Teresa, barua zake zilizotoka 2007 zinaonyesha aliishi miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu na kazi hakuacha.

Mama wawili: Mi nasali na watoto wakati wa kulala, wakisahau wananikumbusha wenyewe 😂 Mleta mada jaribu hiyo.

Kijana wa kwaya: Biblia nzima ina sura 1,189, ukisoma 4 kwa siku unamaliza kabla mwaka haujaisha. Ratiba ndo inanishika mimi, sio hisia.

Mama wawili: Sura nne na mtoto mchanga mkononi? Mi zaburi moja ikipita vizuri namshukuru Mungu.

Mkesha: Mjane, nimesoma tena ulichoandika. Nisamehe kwa neno la kukemea. Nikiamka alfajiri nitakutaja, sitakuombea upone haraka.

Mjane: Amina kaka. Mtaje na mwanangu, yeye kaacha kabisa kwenda kanisani tangu baba yake aondoke na simlazimishi.