MVDR inaikata ishara ninayoitaka (antena 8, GHz 2.4)

Swali
Wakuu, natumia MVDR (njia ya kuchagua uzito, yaani namba ya kuzidisha kila chaneli kabla ya kujumlisha, ili mwelekeo unaoutaka upite na mwingiliano upungue). Antena 8 ziko kwenye mstari mmoja, zimeachana sm 6.25. Matrisi ya kovariansi (jedwali la jinsi ishara za antena zinavyohusiana) inakadiriwa kwa sampuli 24. Mtumaji yuko nyuzi 0 (mbele moja kwa moja ya safu), mwingiliano unatoka nyuzi 40. Shimo la nyuzi 40 (mwelekeo ambao safu haipokei) linachimbika vizuri, lakini ishara inatoka dhaifu kuliko nikijumlisha chaneli zote kwa uzito sawa. Simulesheni yenye kovariansi ya kinadharia haina shida hii. Nianzie wapi?

Jibu 1
Mkuu, chukua ukubwa wa kila uzito, uzidishe kwa wenyewe, kisha jumlisha. Kwa antena 8 jibu liwe karibu na 0.125. Likifika 1, ishara yako inakatwa. MVDR inalinda vekta ya mwelekeo (orodha ya fezi, yaani hatua ya wimbi, zinazotarajiwa kwenye kila antena) uliyoiandika wewe. Ishara halisi ikija na fezi tofauti kidogo, inahesabiwa kuwa adui, na kadiri ilivyo na nguvu ndivyo inavyokatwa zaidi. Kanuni ya sampuli 2N (N ni idadi ya antena) ni ya data isiyo na ishara unayoitaka. Ikiwemo, SINR (uwiano wa ishara kwa mwingiliano na kelele) bora ya dB 20 inadai sampuli kama 700. Kwa hiyo, kama mtumaji ananyamaza vipindi fulani, kadiria kovariansi hapo hapo.

Muuliza swali
Nimepata 1.6. Mtumaji hanyamazi.

Jibu 2
Basi ongeza thamani kwenye ulalo wa matrisi kabla ya kuigeuza (kutafuta inverse yake). Kelele ikadirie kwa wastani wa thamani aijeni (eigenvalue) 5 za chini za matrisi hiyo (ile ndogo kuliko zote pekee itakudanganya, sampuli ni chache), kisha zidisha kwa 10; hiyo ndiyo thamani ya kuongeza. Ukizidisha mno unarudi kwenye uzito sawa na shimo la nyuzi 40 linafukiwa.

Sawazisha chaneli pia. Weka chanzo kimoja nyuzi 0, mbali zaidi ya m 3.1, chini ya hapo wimbi bado limepinda. Fezi zote zinapaswa kulingana; tofauti na chaneli ya 1 ndiyo marekebisho. Rudia vifaa vikishapata joto.

Jibu 3
Kama kuna ukuta karibu, kuongeza thamani kwenye ulalo hakutatosha. Mwangwi ni ishara ile ile, na MVDR inautumia kuifuta ile ya moja kwa moja. Gawa safu kwenye vikundi 4 vya antena 5 zinazopishana (1–5, 2–6, 3–7, 4–8), chukua wastani wa kovariansi zao, tumia vekta ya antena 5. Mwale utapanuka, hilo halikwepeki. Fanya hivi baada ya kusawazisha, maana vikundi visipofanana wastani huo haufai kitu.