Nimeomba ishara, nusu ya kanga imeloa nusu kavu. Mungu anasema nini hapa?

DadaWaNjombe:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni msaada maana hili jambo linaninyima usingizi. Mimi ni nesi niko Njombe, nimepata kazi Mtwara, mshahara karibu mara mbili ya huu wa sasa, na wanataka jibu Ijumaa. Shida ni mama, ana sukari na mguuni ana kidonda, mimi ndo namsafisha kila jioni nikitoka kazini. Kaka yupo hapahapa mjini ila ndo hivyo, ana mambo yake. Nimefunga siku 3 sijasikia kitu. Basi juzi nikamkumbuka Gideoni wa kwenye Biblia, aliyemwomba Mungu ishara kwa kuanika ngozi ya kondoo usiku, nikaanika kanga uani usiku nikasema Bwana ikiloa naenda, ikiwa kavu nabaki. Alfajiri natoka na tochi nakuta upande uliokuwa chini ya bati mkavu kabisa na ule wa nje unachuruzika maji. Sasa hapo kasema nini? Au nimekosea hata kuomba, maana Yesu alisema kizazi kibaya ndicho kinachotafuta ishara (Mathayo 12:39)?

MzeeWaKanisa:
Amina binti yangu. Kwanza usiogope, hujamkosea Mungu kwa kuomba. Waliomwomba Yesu ishara pale Mathayo 12 walikuwa wameshaona mtu kipofu na bubu anaponywa mbele yao, hawakukosa ishara, walikosa moyo wa kuamini. Na kuna mfalme Ahazi kwenye Isaya 7 aliambiwa na Mungu mwenyewe aombe ishara akakataa, eti hataki kumjaribu Bwana, na alikemewa kwa huo utakatifu wake wa mdomoni.
Ila soma Waamuzi 6 kuanzia mwanzo, usianzie kwenye ngozi ya kondoo. Gideoni alikuwa ameshaambiwa aende akawaokoe Waisraeli. Hakuwa anauliza Mungu anataka nini, alikuwa anajua, anaogopa tu, na Mungu akamvumilia kwa hofu yake. Tena usiku wa kwanza aliomba ngozi iloe na ardhi iwe kavu, akakamua bakuli zima la maji, usiku wa pili akageuza. Wewe binti yangu umesema ikiloa naenda, na Njombe mwezi huu wa sita kitu gani ukiache nje usiku kisiloe? Nakuuliza kwa upendo, moyo haukuwa umeshafunga mizigo?

NduguSafarini:
Mi nitaongea kwa uchungu kidogo mnisamehe. Miaka miwili nimeishi kwa ishara. Nikiona namba fulani kwenye daladala najua Mungu ananiambia kitu, nikiota maji napiga simu kwa mtumishi anitafsirie, na kila tafsiri ilikuwa na sadaka yake. Niliacha kazi kwa sababu ya ndoto, mke wangu alilia na mimi nikamwona hana imani. Na kibaya zaidi baadhi ya ishara zilitimia kweli! Baadaye sana ndo nikasoma Kumbukumbu la Torati 13, kwamba nabii anaweza kutoa ishara na ikatokea na bado usimfuate, kama anakupeleka mbali na Mungu. Kutimia peke yake hakutoshi dada. Mimi ilinipeleka mbali na nyumba yangu, hapo ningejua.

MamaWaBukoba:
Mwanangu pole na kuuguza. Bibi yangu aliokoka wakati wa uamsho, ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ule wa wahubiri wakina Nsibambi na daktari Joe Church, ukafika mpaka kwetu Kagera. Bibi hakutusimulia miujiza sana. Alichosimulia ni watu kusimama na kutubu hadharani, kurudisha walichoiba, ndugu waliokuwa hawasalimiani kupatana. Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Paulo anasema tukiishi kwa Roho na tuenende kwa Roho, sasa kuenenda ni miguu mwanangu, ni leo na kesho. Hata yeye Paulo kwenye Matendo 16 Roho alimzuia Asia, akamzuia Bithinia, lakini alizuiwa yuko barabarani anatembea, ndipo usiku akaona yale maono ya Makedonia.
Mi sikwambii usiende Mtwara. Hela ya dawa nayo ni kumtunza mama. Ila katika maelezo yako yote kaka yako umempa mstari mmoja, na huo mstari una moto. Umeongea naye? Kweli kabisa, sio kwa mafumbo?

DadaWaNjombe:
Mama umenigusa pabaya, nimesoma nikalia. Mzee nawe ni kweli, nilikuwa nimeshaangalia hadi nauli.
Jana nimekaa na kaka nimemwambia yote, na hasira niliyombebea tangu baba afariki. Alikaa kimya muda mrefu, akasema alidhani sitaki aguse kidonda kwa vile yeye hajasomea. Leo jioni amekuja kabla sijamwita. Nimemwonyesha namna ya kulowesha gozi la zamani, kile kitambaa kilichofunika kidonda, kwanza ndo ulivute taratibu lisichubue nyama, mikono inamtetemeka, mama anamwambia endelea mwanangu siumii, na najua anaumia.
Mtwara sijawajibu bado. Kanga nimeifua nimeikunja. Mniombee mpaka Ijumaa.