Naomba ushauri: wamama wote wanajibu "nakubali kabisa" kwenye dodoso langu la maternite

Binti_Kadutu

Jambo wandugu. Niko Bukavu, mashariki mwa Kongo, namaliza lisanse ya chuo kikuu. Memwari yangu, yaani kazi ya kumalizia masomo, inahusu jinsi wamama wanavyoona huduma waliyopewa walipoenda kujifungua, na nimechagua vituo vichache vya afya upande wa Kadutu na Bagira. Profesa anayeniongoza anataka skeli ya Likert yenye hatua tano, kuanzia "sikubali hata kidogo" mpaka "nakubali kabisa". Dodoso liliandikwa kwanza kwa Kifaransa, kisha nikaliweka katika Kiswahili kwa sababu wamama wengi nitawasomea kwa mdomo. Wengine watataka Mashi, lugha ya hapa kwetu.

Sasa niko kwenye majaribio, na karibu kila mama anajibu "nakubali kabisa" kwa kila sentensi. Kuna sentensi isemayo "Wauguzi walinipokea vizuri na kwa haraka": nakubali kabisa. Mbele kidogo niliweka kwa makusudi "Wauguzi walinidharau": nakubali. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alinisikiliza nikimsomea majibu yote matano hadi mwisho, halafu akaniuliza: "Sasa wewe unataka niseme gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Je, nipunguze hatua ziwe tatu? Niweke picha za nyuso? Niombe alama juu ya kumi? Wamama hawa wananipa muda wao wakiwa bado wana maumivu. Sitaki kuandika kurasa nyingi ambazo hazibebi walichokiona.

Mzee_wa_Dodoso

Binti yangu, pole na kazi. Wamama hao hawakudanganyi. Mtu msomi, mwenye kalamu na karatasi, akikusomea sentensi, adabu inataka ukubali. Jambo hili linajulikana kwa watafiti wa nchi nyingi, na linazidi pale anayeuliza anapoonekana kuwa na cheo kuliko anayejibu. Ukipunguza hatua ziwe tatu utapata "nakubali" zilezile.

Ondoa neno "nakubali" kabisa. Usimpe mama sentensi yako aipime. Muulize jambo lenyewe, na majibu yatoke ndani ya jambo hilo. Kwa mfano, pahali pa "Wauguzi walinieleza vizuri kuhusu dawa", uliza hivi:

"Kabla ya kukupa dawa au sindano, wauguzi walikueleza ni ya nini?"
Hawakueleza kabisa / walieleza kidogo / walieleza mambo mengi / walieleza yote niliyotaka kujua.

Unaona hapo hakuna pa kukubali wala kukataa. Inabidi mama arudi kwenye siku ile, aangalie kilichotokea, achague.

Lingine: "vizuri na kwa haraka" ni maswali mawili. Mama aliyepokelewa mbio mbio lakini kwa matusi atakujibu nini? Tenganisha. Na kuhusu haraka, usitumie skeli. Muulize tangu alipofika mlangoni hadi muuguzi alipompima ilipita muda gani. Kama hakuwa na saa, atakwambia walimkuta jua likiwa wapi, au nani mwingine alikuwa ameshahudumiwa. Jambo linalohesabika lihesabu, skeli ibaki kwa lisilohesabika.

Muuguzi_Ibanda

Dada, mimi nauliza: unawahoji wapi? Kama ni kwenye ua wa maternite, kesho yake baada ya kuzaa, muuguzi anapita na sinia la sindano, basi hata ungeandika maswali mazuri namna gani utapata sifa tupu. Mama anajua atarudi pale na mtoto kwa chanjo. Pengine bili haijaisha. Nani ataisema vibaya nyumba ambayo mtoto wake bado amelala ndani?

Wafuate nyumbani siku chache baadaye. Kabla ya swali la kwanza mwambie waziwazi kwamba wewe si mtu wa kituo, kwamba jina lake hutaliandika, na kwamba jibu lake halitapunguza wala kuongeza bili. Mwambie pia kwamba hukuleta msaada, maana watu hapa wamezoea kuhojiwa na mashirika, na wengi wanajibu wakifikiri kuna orodha ya wanaogawiwa kitu. Kama mama mkwe amekaa hapo, omba kwa heshima muongee pembeni. Nimeona majibu yakibadilika mtu mmoja tu akitoka chumbani.

Kijana_wa_Nguba

Mimi ningeweka alama juu ya kumi. Kila mtu alipita shule, anaelewa, na hesabu zinakuwa rahisi.

Mwalimu_Bagira

Kaka, si kila mama alipita shule, na waliopita ndio watakuletea shida zaidi. Kwetu nusu ya alama ni kupona. Mtoto akileta 5 juu ya 10 amevuka. Kwa hiyo mama akikupa 5 anaweza kuwa anasema "walifaulu", wakati wewe kwenye kompyuta unaisoma kama katikati, si vizuri wala si vibaya. Mwingine anakumbuka mwalimu mkali asiyempa mtu 10, basi 7 yake ni sifa kubwa kuliko 9 ya jirani.

Alama bila maneno kila mtu anazijaza maana yake. Ukitaka namba, andika maneno kwenye kila hatua, si kwenye ncha mbili tu. Hatua nne au tano zinatosha kwa kusoma kwa mdomo. Zikifika saba mama ameshasahau ya kwanza.

Namba zina pahali pake. Mmarekani Hadley Cantril mwaka 1965 alitoa kipimo cha ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10: juu ni maisha bora unayoweza kuyafikiria, chini ni mabaya kabisa, wewe umesimama kidato gani leo? Kinatumika mpaka sasa, na kwetu Bukavu kupanda na kushuka hakuhitaji maelezo. Lakini kile kinauliza maisha yote kwa ujumla. Kuuliza kama shuka lilikuwa safi hakuhitaji vidato kumi na kimoja.

Binti_Kadutu

Aksanti sana wote. Nyuso je? Rafiki yangu ametumia nyuso tano, kutoka anayelia hadi anayecheka.

Muuguzi_Ibanda

Nyuso tunazijua hospitalini. Zile za Wong na Baker zilitengenezwa Marekani mwaka 1983 ili mtoto aoneshe anaumwa kiasi gani. Kwa maumivu ya mtoto zinafanya kazi nzuri. Lakini mama aliyetoka kuzaa salama ana furaha ya mtoto wake, atagusa uso unaocheka, na wewe utaandika kwamba ameridhika na usafi wa choo. Uso unaonesha moyo wake wa siku ile. Kama unataka picha kwa wasiosoma, chora visanduku vinavyojazwa kidogo kidogo, kimoja kitupu mpaka kimoja kilichojaa, na useme neno la kila sanduku ukiligusa kwa kidole.

Takwimu_Lshi

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Naona hofu yako kubwa ni profesa, kwa hiyo nikupe la kumwambia.

Rensis Likert alitoa njia yake mwaka 1932, na si swali moja lenye majibu matano. Ni kundi la sentensi juu ya jambo moja, nyingine zikielekea upande huu na nyingine upande wa pili, kila jibu linapewa namba, kisha namba zote za mtu mmoja zinajumlishwa. Jumla ndiyo skeli. Ukiwa na maswali matano au sita juu ya heshima ya wauguzi, yote yana hatua zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, bado unaweza kuyajumlisha hata kama hakuna neno "nakubali" ndani. Pima kama yanaenda pamoja kwa alfa ya Cronbach (kipimo cha takwimu kilichotoka 1951, profesa wako anakijua). Usichanganye usafi, bei na heshima kwenye jumla moja.

Na tafadhali, kwa swali moja moja usiandike "wastani ni 3.87". Hatua zina mpangilio, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba umbali kati ya "kidogo" na "mambo mengi" ni sawa na umbali kati ya "mambo mengi" na "yote". Onesha wangapi walichagua kila hatua. Ukitaka namba moja, toa jibu la katikati, yaani lile linalomwangukia mtu wa katikati ukiwapanga wote kwa mstari. Msomaji akiona wamama wangapi walisema "hawakueleza kabisa", ameelewa zaidi kuliko kwa desimali.

Ukitaka kumwonesha mfano unaoheshimika, mpe maswali ya Washington Group juu ya ulemavu, kundi lililoanza 2001 chini ya Umoja wa Mataifa. Unaulizwa kama una ugumu wa kuona, wa kusikia, wa kutembea, na majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kidogo, ugumu mwingi, siwezi kabisa. Kila hatua ina neno lake, na hakuna anayeombwa kukubali chochote.

Mzee_wa_Dodoso

Takwimu amesema vema. Naongeza kuhusu kusoma kwa mdomo, maana hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika.

Anayesoma mwenyewe kwenye karatasi huwa anavutwa na majibu ya juu. Anayesomewa huvutwa na yale aliyoyasikia mwisho. Kwa hiyo ukimsomea mama majibu matano marefu chini ya jua, la tano lina bahati kuliko mengine. Dawa yake ni kuvunja swali mara mbili. Kwanza: "Kwa jumla, namna walivyokutunza, uliridhika, hukuridhika, au uko katikati?" Akisema ameridhika: "Uliridhika sana au kidogo?" Akisema hakuridhika, vilevile. Umepata hatua tano, na mama hakubeba majibu zaidi ya matatu kichwani kwa wakati mmoja. Kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu kwa simu, ni kuweka sharti tu, swali la pili lifunguke kulingana na la kwanza.

"Katikati" na "sijui" usiviweke pamoja. Aliye katikati ana maoni. Asiyejua hana, pengine hakuona. Na kama mama hakupewa dawa yoyote, swali la dawa halimhusu, awe na kisanduku chake. "Sijui" na "halimhusu" usivisome kwa sauti, wewe ndiye utavigusa akivitaja mwenyewe. Ukivisoma, mwenye haraka ataponea hapo.

Mashi usimwachie kila msaidizi wako atafsiri papo hapo mlangoni kwa mtu. Kobo inakubali lugha kadhaa kwenye fomu moja, kila lugha na safu yake. Iandike, kisha mpe mtu mwingine asiyeona Kiswahili chako airudishe katika Kiswahili. Pale yanapopishana ndipo pa kurekebisha. Na kabla ya kuanza rasmi, chukua wamama wachache, uliza swali, wakishajibu waombe wakueleze kwa maneno yao walielewa umeuliza nini. Saa moja ya namna hiyo itakuonesha makosa ambayo sisi wote hapa hatuyaoni.

Binti_Kadutu

Nimerudi. Nimeandika upya na kujaribu nyumbani kwa wamama wachache, mbali na kituo. Majibu sasa yanatofautiana. Lile la kueleza dawa, mama mmoja alinyamaza kwanza, akafikiri, akasema "kidogo", halafu akanihadithia mwenyewe bila kuulizwa. Profesa amekubali nijumlishe maswali ya heshima peke yake.

Naomba mniangalie hili moja: "Wakati wa uchungu, wauguzi walikukemea mara ngapi?" Kamwe / mara chache / mara nyingi / kila mara.

Muuguzi_Ibanda

Dada, hilo libadilishe. Kwanza, swali limeshaamua kwamba alikemewa. Pili, uchungu ni usiku mmoja au siku moja, na mama hahesabu. Kukemewa mara moja wakati kichwa cha mtoto kinatoka kunaweza kumkaa kuliko mara tano za mapema. Weka: "Kuna mtu wa kituo aliyekukemea au kukupigia kelele?" Ndiyo / hapana / sikumbuki. Akisema ndiyo, muulize alisema nini, na uandike maneno yake kama yalivyotoka. Hapo skeli haina kazi.

Liweke karibu na mwisho, akishakuzoea, lakini lisiwe la mwisho kabisa, ili mumalizie na swali jepesi juu ya mtoto. Na ukiona sauti inakatika, weka simu chini, mwambie anaweza kuliruka.