Tupeane uzoefu: ni mfarishi gani uliokusimamisha ukautazama kwa muda mrefu?

Mshonaviraka (mwanzilishi wa mada)

Ndugu washonaji na wapenzi wa vitambaa, naomba tukusanye hapa simulizi za mifarishi tuliyoiona kwa macho yetu wenyewe, iwe katika makumbusho, katika maonyesho ya washonaji, au ikiwa imetundikwa ukutani katika duka la vitambaa. Nazungumzia mfarishi wa viraka kama tunavyoujua: juu kuna vipande vilivyounganishwa kwa mpango, katikati kuna pamba au sufu, chini kuna kitambaa cha mgongo, na tabaka zote hushikwa pamoja na mishono inayopenya toka upande mmoja hadi wa pili. Ombi langu ni kwamba tusiishie kusema ulikuwa mzuri. Tuambie uliona nini uliposogea karibu, na ni kitu gani kilibadilika machoni pako ulipojua umeshonwa kwa nguo zipi na kwa ajili ya nani.

Nianze mimi. Mwaka 2021 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalifungua maonyesho ya mifarishi ya Marekani, na humo, kwa mara ya kwanza, kazi mbili pekee zinazojulikana kubaki za Harriet Powers ziliwekwa pamoja. Mama huyu alizaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837, akaishi kuona uhuru, na akasimulia kwa kukata maumbo ya watu, wanyama, nyota na jua, kisha kuyashonea juu ya kitambaa. Mfarishi wake wa kwanza una visa vya Biblia. Wa pili, wenye picha 15, unachanganya Biblia na matukio ya angani na ya hali ya hewa, ukiwamo usiku wa Novemba 1833 ambapo vimondo vilianguka kwa wingi hadi watu wakadhani dunia imefika mwisho. Powers alikuwa hajazaliwa usiku huo. Aliupokea masikioni mwake, akauweka kwenye kitambaa.

Nilikaa mbele ya picha hiyo muda mrefu kuliko nyingine zote, lakini kilichonigusa zaidi ni namna tunavyozijua habari hizi. Msanii mmoja, Jennie Smith, aliuona mfarishi wa kwanza kwenye maonyesho ya pamba ya mji wa Athens, Georgia, mwaka 1886, akataka kuununua, na Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha auuze kwa dola 5. Alipoukabidhi alieleza maana ya kila picha, na Smith akaandika. Powers alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake. Leo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, jijini Washington. Laiti maelezo yale yasingeandikwa siku ile, tungekuwa tunabahatisha kila umbo. Tangu hapo, kila ninaposimama mbele ya mfarishi, hutafuta kwanza jina la mshonaji na maneno yake mwenyewe.

Kastabini

Ahsante kwa kufungua mada hii, ndugu Mshonaviraka. Mimi nitasimulia mifarishi ya Gee's Bend, kijiji kilicho ndani ya pindo la Mto Alabama, ambako wanawake wa kizazi cha watu waliotumikishwa katika mashamba ya pamba wameshona viraka toka mama hadi binti. Dunia ya makumbusho iliwafahamu vizuri kuanzia mwaka 2002, kazi zao zilipoonyeshwa Houston na baadaye New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye mifarishi yao.

Kwa mbali, mifarishi ile ilinionyesha mistari mipana iliyopinda kidogo, na rangi zinazosukumana bila kuombana radhi. Nilipokaribia nikaona kuwa mfarishi mmoja ulikuwa umetengenezwa kwa suruali za kazi. Palipokuwa na mfuko, pana mraba wa samawati iliyokolea, kwa sababu jua na maji vilipausha kitambaa chote isipokuwa sehemu iliyofunikwa na mfuko. Palipokuwa na goti pamekwaruzika na kuwa peupe. Hakuna rangi ya dukani inayoweza kuiga kitu hicho, kwa kuwa mwili wa mtu na kazi yake ya miaka ndivyo vilivyoitia rangi nguo ile.

Mwaka 1942 Missouri Pettway wa kijiji hicho alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo zake za kazi, akazishona zikawa mfarishi ili ajifunike kwazo na kumkumbuka, na binti yake, aliyemsaidia kuzichana, ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Nilipoisoma niliacha kuutazama mfarishi ule kwa macho ya mtu anayehesabu ulinganifu wa pembe. Naamini hata wale wanaousifu kwa kuufananisha na michoro ya kisasa wanausifu kwa nusu tu.

Bi Jora

Wenzangu mmeanzia makumbusho, nami naomba kutetea duka. Ninaposafiri hutafuta duka la vitambaa vya viraka kabla ya kutafuta kingine chochote, na huwa sinunui mara moja. Nazunguka kwanza. Majora hupangwa kwa rangi, toka kolevu hadi hafifu, na mpangilio huo peke yake ni darasa, kwani unagundua kuwa vitambaa viwili vya rangi tofauti kabisa vinaweza kuwa na ukolezi ule ule, na ukivishona bega kwa bega umbo lako litapotea. Muuzaji mmoja alinifundisha kupiga picha ya vitambaa nilivyochagua kisha kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe: vipande vinavyotofautiana vitaendelea kutofautiana, na vile visivyotofautiana vitayeyuka vyote kuwa kijivu kimoja. Tangu siku hiyo sijachagua vitambaa bila kufanya hivyo.

Jambo la pili ni mifarishi ya mfano inayotundikwa ukutani. Katika makumbusho huruhusiwi kugusa, na ni haki, maana mafuta na chumvi ya vidole hubaki kwenye nyuzi na kuziharibu polepole. Dukani, ukiomba ruhusa, mara nyingi unaweza kuushika mfano, ukausikia uzito wake, ukaona jinsi kijazo cha pamba kinavyolala bapa na kile cha sufu kinavyoinuka kati ya mishono. Hayo hayasomwi kwenye kitabu. Muulize muuzaji nani ameushona; karibu kila mara utaambiwa ni mfanyakazi aliyesimama nyuma ya meza ya kukatia, na mazungumzo yatakayofuata yatakufaa kuliko kitambaa utakachobeba.

Lakini niseme wazi kwamba nahuzunika ninapoona mifarishi mingi zaidi sasa ikimaliziwa kwa mashine. Mshono wa mkono una pumzi.

Pindo

Shikamoo Bi Jora. Nimefaidika sana na ushauri wa picha nyeusi na nyeupe, ila kuhusu mashine naomba tutofautiane kwa heshima. Hata mifarishi ya Harriet Powers iliyotajwa hapo juu ina mishono ya mkono na ya mashine pamoja. Cherehani ilipoingia majumbani katika karne ya 19, washonaji waliipokea kwa furaha, na wengine waliweka mshono wake mahali panapoonekana.

Nilibadilika katika maonyesho ya Houston yanayofanyika kila mwaka, ambako ukumbi mzima hujaa mifarishi iliyotundikwa safu kwa safu. Kuna watu wa kujitolea waliovaa glavu nyeupe, na kazi yao ni kukufunulia ukingo wa mfarishi ili uone mgongo. Niliwaomba wanifunulie mfarishi mmoja ulioshonwa kwa mashine huku mshonaji akikiongoza kitambaa kwa mikono yake kila upande. Nyuma nilikuta manyoya ya ndege yaliyochorwa kwa uzi tu, hatua za mshono zikiwa sawa kwenye kona kama kwenye mstari ulionyooka, na hapakuwa na fundo la uzi hata moja lililojitokeza. Aliyewahi kujaribu anajua kuwa mikono na mguu lazima viende mwendo mmoja, na kwamba ukisita kidogo tu mshono hujikusanya mahali pamoja. Nilimheshimu mshonaji yule kwa dhati.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekwenda maonyesho ni kuomba aonyeshwe mgongo wa mfarishi. Upande wa mbele humwonyesha mshonaji anapochagua rangi, na wa nyuma humwonyesha alivyofanya kazi saa baada ya saa.

UziMwekundu

Yangu ni fupi. Katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, kuna mfarishi ulioshonwa Sicily kati ya mwaka 1360 na 1400, wenye hadithi ya Tristan, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ulaya. Hauna viraka wala rangi nyingi. Ni kitani kilichoshonwa, na maumbo ya watu yakajazwa pamba kwa nyuma hadi yakainuka. Zaidi ya miaka 600, na bado yamevimba.

Tena, msikasirike mkikuta chumba kina mwanga hafifu. Vitambaa vya kale huonyeshwa kwa mwanga wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu nuru huvunja rangi na nyuzi, na kilichovunjika hakirudi. Subirini dakika chache macho yazoee, kisha ndipo mtazame.

Shona Pole Pole

Nataka kuongeza mfarishi uitwao kawandi, unaoshonwa na wanawake wa jamii ya Siddi katika jimbo la Karnataka, India. Siddi ni kizazi cha Waafrika waliofika huko kwa kuvuka Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa wamepelekwa kama watumwa. Nilipoona kawandi katika maonyesho nilishangazwa na njia yake: mshonaji huanza pembeni, akabandika vipande vya nguo kuukuu juu ya kitambaa cha chini na kuvishona papo hapo kwa mshono wa kawaida wa kupenyeza sindano, akizunguka kingo zote hadi afike katikati. Kuunganisha vipande na kudarizi, yaani kushona tabaka zote pamoja, vinakwenda hatua moja. Mishono inaonekana kama maumbo ya pembe nne yaliyomo moja ndani ya jingine. Kwenye pembe hushonewa vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo kazi huhesabiwa kuwa haijavaa nguo. Nilisimama pale kwenye kona moja nikiangalia phula peke yake.

Kastabini

Shona Pole Pole, umenikumbusha mfarishi wa meli Rajah, uliohifadhiwa Canberra. Wanawake wafungwa waliushona safarini toka Uingereza hadi Van Diemen's Land (Tasmania ya leo) mwaka 1841, wakaunganisha vipande 2,815. Maandishi ya uzi wa hariri yanawashukuru mabibi wa kamati iliyowapa vifaa, lakini hakuna jina la mshonaji hata mmoja. Nilitafuta toka ukingo hadi ukingo.

Pindo

Hilo limenifanya niulize: sisi wenyewe tunaandika nini kwenye kazi zetu? Mwenye uzoefu atuelekeze.

Mshonaviraka (mwanzilishi wa mada)

Ndugu Pindo, mimi hukata kipande cha pamba nyeupe isiyo na nakshi, nikakiandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji, au nikadarizi herufi ikiwa nina muda. Naandika jina langu kamili, mwaka nilioanza na niliomaliza, mahali, jina la anayepewa na sababu ya kupewa, asili ya nguo zilizotumika ikiwa zilivaliwa na mtu, aina ya kijazo na namna ya kufua. Nakishona kwenye kona ya chini ya mgongo kabla ya kudarizi tabaka zote, ili mishono ya mfarishi ipite juu yake na mtu asiweze kukibandua bila kuharibu kazi. Bi Jora, kama una njia nyingine uliyojifunza madukani, tafadhali iweke hapa.