Pete za Kirumi: huyu mwanamke mwenye usukani ni nani?

Wadau, naomba msaada. Nachora vito vya kale, na kwenye picha za akiki nyekundu za Warumi namkuta tena na tena mwanamke aliyeshika usukani wa merikebu na pembe lililojaa matunda. Ni nani? Na kwa nini kachongwa kwa kuzama ndani ya jiwe?

Jibu 1
Huyo ni Fortuna, mungu wa bahati. Usukani maana yake anaongoza maisha ya watu, pembe ni neema. Amezama ndani kwa sababu pete ilikuwa muhuri: ukiikandamiza kwenye nta, sura inainuka. Kwa hiyo fundi alichonga kinyumenyume, kwa keekee na unga mkali wa mawe uliochanganywa na mafuta, kwenye jiwe dogo kuliko ukucha! Mimi nachonga mbao tu, na kazi hiyo hunitoa machozi.

Jibu 2
Ongeza kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi mwenye nywele za nyoka: nacho kilichongwa kwenye vito, kinga ya kijicho. Watoto wa kiume nao walivishwa hirizi yenye umbo la uume.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Kwa nini vito vingi hukutwa bila pete?

Jibu 1
Gundi iliyoshika jiwe, ndugu yangu. Joto na mvuke wa hamamu, yaani nyumba ya kuogea, viliilegeza. Huko Caerleon, Wales, kwenye mtaro wa hamamu ya ngome ya jeshi la Kirumi, vilipatikana vito 88. Namfikiria kila askari aliyetoka majini, akatazama kidole, bahati yake haipo.