Wauzaji wa kadi za besiboli, uzee wa mchezaji haufanyi kadi yake iwe adimu

Ndugu zangu, nimevumilia wiki tatu nikidhani hasira itapoa, lakini haijapoa, kwa hiyo naleta jambo hili kama lilivyotokea.

Tunaishi Texas, na mwanangu anampenda sana Nolan Ryan, ingawa mrushaji huyo alistaafu mwaka 1993, kabla yeye hajazaliwa. Kwa siku yake ya kuzaliwa nilimnunulia mtandaoni kadi yake ya kukusanya, yenye picha yake mbele na takwimu zake nyuma, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1989, ambayo muuzaji aliinadi kuwa ni adimu kwa sababu ni ya mwisho inayomwonyesha akiwa na timu ya Houston Astros. Nililipa dola 140. Jumamosi iliyofuata, jirani yetu alipotoa vitu vyake vya zamani uani ili aviuze, nilikuta boksi la viatu lenye kadi hiyohiyo kumi na moja, zimefungwa kwa mpira, pembe zikiwa hazijachakaa hata kidogo. Aliniuzia moja kwa senti 25. Usiku ule niliziweka mbili mezani na kuzigeuza: mgongo uleule uliosongamana takwimu za kila msimu tangu 1966, kwa herufi ndogo mno. Sikuona tofauti yoyote.

Ni kweli kwamba Ryan alikwishahamia timu ya Texas Rangers kabla ya msimu wa 1989 kuanza. Lakini kuwa ya mwisho hakuifanyi kadi iwe chache, na muuzaji wa miaka mingi hawezi kudai kuwa hajui hilo. Kadi za miaka ya 1950 ziliadimika kwa sababu watoto walizichezea, wakazibana kwenye spoku za baiskeli, na mama zao wakazitupa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wazima waliokwisha kusikia bei za kadi hizo walinunua makatoni mazima na kuyaficha bila kuyafungua, huku kampuni za Topps, Fleer, Donruss, Score na Upper Deck zikichapa bila kiasi. Zilichapwa nyingi kupindukia, na nyingi mno zimehifadhiwa.

Nyota wakongwe nao walitolewa kwenye kadi nyingi. Seti ya Topps ya 1990 inaanza na kadi 5 za Ryan mfululizo! Mei 1991, akiwa na miaka 44, alimaliza mchezo wake wa 7 bila wapinzani kupata hiti (pigo la mpira linalomfikisha mpigaji kwenye kituo) hata moja, jambo ambalo ni nadra sana, na kila kampuni ikaitaka sura yake. Ukubwa wake siupingi. Ninachopinga ni kuuziwa ukubwa huo kana kwamba ni uhaba wa karatasi.

Zipo za enzi hiyo zenye thamani ya kweli, kama vile kadi 2,500 ambazo Reggie Jackson alizisaini kwa mkono na Upper Deck ikazichanganya kwenye pakiti za 1990, au zile za Topps za 1991 zilizopigwa mhuri wa dhahabu kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ghuba ya Uajemi, ingawa hizo nazo zimeghushiwa sana. Yangu haimo.

Nilipodai fedha zangu, nilijibiwa kwamba bei ni makubaliano. Ninataka dola 140 zangu zirudi, na ninataka neno "adimu" liondolewe kwenye tangazo lile, kwa sababu hadi asubuhi ya leo kadi nyingine kama yangu bado inanadiwa kwa maneno yaleyale na bei ileile.